Upande wa Moto

Methali ya kwetu humpa mgeni siku mbili,
ya tatu apewe jembe.
Mimi, Ansan, jembe nililishika siku ya kwanza, saa mbili usiku:
mashine inayotema mabeseni,
jekundu, jekundu, jekundu,
hata ndoto zangu zikashika rangi.

Miezi kumi na minne nikaiona Korea
kupitia dirisha la kantini.
Jumapili moja ya Februari nikamwambia mwenye nyumba,
Bi Pyo Malsun, mshona zipu:
"Leo naenda Seoul, kuona kasri la wafalme."
Akaitoa pini mdomoni.
"Miaka arobaini na moja niko hapa, sijalikanyaga.
Nani ana muda wa wafalme?"
Kisha akatafuta koti.

Kwenye treni alinilalia begani tangu stesheni ya tatu,
mfuko wa machungwa mapajani,
na abiria wa mbele yetu akatutazama, akatutazama,
akikokotoa undugu.

Langoni, mimi won elfu tatu.
Yeye bure: sabini na mitatu.
Mkata tiketi akaniuliza, kwa Kiingereza, natoka nchi gani.
Bi Pyo akamjibu kwa Kikorea:
"Anatoka chumba cha juu, kwangu."

Uani mawe yamesimama safu mbili,
kila moja na cheo chake,
la kwanza karibu na kiti cha enzi,
la tisa huko nyuma.
Nilikwenda moja kwa moja kwenye la tisa.
Sikutumwa. Miguu inajua.
Wasichana waliokodi mavazi ya kifalme wakanipita,
sketi mkononi, raba miguuni.
"Mbona huko?" akaniita. "Sogea!
Wakaguzi walishakufa wote."
Nikasogea hadi la tano.
La nne lilinishinda.

Kiti chenyewe tulikiona
ndani ya simu ya mtu mrefu aliyetuziba.
"Lazima mgongo ulimuuma," alisema Bi Pyo.

Nyuma ya nyumba ya malkia akanipotea.
Nikamtafuta kwenye dohani za matofali,
zile zilizochongwa ndege na maua
ili moshi nao utoke kwa adabu.
Nikamkuta amechutama ukutani,
kichwa nusura kiingie tundu jeusi chini ya sakafu,
na mlinzi anakuja, filimbi mdomoni.

"Moto uliingilia hapa," akasema,
"ukatambaa chini ya mawe mpaka godoroni kwa malkia.
Kwetu Gangwon tulikuwa nalo, dogo. Kazi yangu.
Saa kumi alfajiri baba anakohoa juu,
mimi chini napuliza."
Akapitisha kidole ndani, akakitazama.
Hakuna masizi. Walishafagia.
"Malkia wamemwandika kwenye ubao.
Mpulizaji je? Nisomee, miwani nimeisahau."

Nikasoma silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza,
nikarudia, huenda nimeruka mstari.
Mlinzi akasubiri nimalize.
Hakupuliza filimbi.

Machungwa tulikula chini ya ukuta, kwenye kijua.
Maganda akayatia mfukoni mwangu: ya kukausha, ya chai.

Usiku, natandika,
akapanda ngazi, goti hili, kisha goti lile,
akaingia bila hodi.
Akaipapasa sakafu kwa kiganja, pembe hii, pembe ile,
kama apimaye homa ya mtoto.
"Nani alikwambia ulale mlangoni?"
Hakuna. Mwaka mzima na ushei, hakuna.
"Bomba la maji ya moto linaingilia kule."
Akalikamata godoro, akaliburura mwenyewe,
akashuka akilaumu magoti yake.

Nikalala chali. Joto likaja polepole,
likaanzia kiunoni.
Kesho saa mbili usiku, mabeseni.
Wiki hii, nasikia, ni ya buluu.